Alama Tatu za Hooyo

Jumatatu, 6 Oktoba
Kilo 77. Mvua hakuna.

Kocha Dekow amenipa daftari hili na amri moja: kila siku niandike uzito wangu na nilivyoamka, mpaka siku ya pambano. Nikamwambia nimepigana mara ishirini na tisa bila daftari. Akaniuliza nimeshinda ngapi. Kumi na moja. Akasema ndiyo maana, andika.

Basi naandika. Likiokotwa, mwenyewe ni Siyad wa Bulla Iftin, Garissa, mume wa Nafiso, baba wa Kaha na Jelle. Asubuhi napakia mifugo kwenye malori sokoni, jioni napigana. Mchezo wetu ni ngumi, mateke na mieleka, yote ndani ya kizimba cha waya. Nairobi wananiita Mlango, kwa sababu kila kijana anayepanda hupitia kwangu. Promota akitaka kujua kama kijana wake ameiva, ananipigia mimi simu. Napanda basi, napigwa, narudi. Siandiki hivi kwa uchungu. Mlango pia ni kazi, na nyumba haikamiliki bila mlango.

Lakini safari hii kizimba kinakuja kwetu. Ridwan, promota kijana wa Eastleigh, anakileta Garissa Jumamosi ya tarehe 22 Novemba, na jina langu ndilo la kwanza kwenye bango. Miaka kumi na mbili nimekuwa jina la chini, lile linaloandikwa kwa herufi ndogo kama za karatasi ya dawa. Kaha ana miaka tisa na hajawahi kuniona nikipigana. Anaijua tu sura ninayorudi nayo. Nataka anione nikishinda mara moja, hapa, mbele ya watu wetu. Baada ya hapo wafanye nami watakavyo.

Jumanne, 7 Oktoba
Kilo 77. Mvua hakuna. Kichwa kinauma kidogo.

Alhamisi, 9 Oktoba
Kilo 76. Mvua hakuna.

Nimempata mpinzani: Abdijabar, mzaliwa wa Takaba, amekulia Eastleigh, miaka ishirini na miwili. Mapambano saba, ushindi saba. Watano kati ya aliowapiga hawakuimaliza raundi ya kwanza. Dekow alitazama video zake kwenye simu, akazitazama tena. Kisha akasema huyu hatutasimama naye, tutamlaza chini kama mbuzi wa kuchinjwa.

Kichwa bado kinauma. Kinauma tangu Julai, tangu goti la yule kijana wa Nairobi. Dekow anajua kilipona Agosti. Anajua hivyo kwa sababu nilimwambia hivyo.

Jumapili, 12 Oktoba
Hooyo, mama yangu, amefika kwa lori la Habaswein. Malisho yamekwisha, mbuzi kumi na wanne waliobaki kamwachia jirani. Nafiso alifungua mzigo wake akacheka mpaka akakaa chini: mkeka, msahafu wa marehemu baba, na kile chuma cha kuchomea ngamia wagonjwa. Nguo moja tu ya kubadilisha, lakini chuma kimekuja. Hooyo akasema nguo ziko kila mahali.

Aliniangalia usoni kwa muda. Akaniuliza, "Bado unapigwa, hooyo?" Mama wa Kisomali humwita mwanawe hooyo, jina analoitwa yeye mwenyewe, nilipokuwa mdogo nilidhani sisi wote wawili ni hooyo. Nikamwambia nami pia napiga. Akasema hakuniuliza hilo.

Jumatano, 15 Oktoba
Kilo 76. Mvua hakuna, mawingu mengi ya bure.

Siku ya soko. Abti Issack, kaka yake Hooyo, ni dalali wa ngamia na ulimi wake ungeweza kuuza kivuli. Leo ulimshinda. Jike moja zuri, nono licha ya ukame, lakini lina alama mbichi ya moto shingoni. Mnunuzi alipitisha kidole pale, akatikisa kichwa, akaondoka. Abti akamgeukia mwenye mali: "Wewe, hii ngamia juzi tu imechomwa, na wewe naleta soko? Ngoja ipone ama ikufe. Usinitie aibu." Yule mtu akaliondoa jike lake bila ubishi. Nilicheka njia nzima.

Ijumaa, 17 Oktoba
Kilo 75. Mvua hakuna.

Leo sokoni Abti Issack kashindwa kuuza. Jike zuri la ngamia, nono, lakini alama mbichi ya moto shingoni. Mnunuzi alipitisha kidole, akaondoka. Abti akamfokea mwenye mali asimtie aibu, ngamia aliyechomwa juzi haletwi sokoni. Nilicheka sana.

Jumatatu, 20 Oktoba
Kilo 75. Mvua hakuna. Nimemwita Kaha kwa jina la dada yangu. Akaitika tu.

Jumatano, 22 Oktoba
Kilo 75.

Jioni nilikuwa nikimimina chai. Hooyo amekaa kwenye mkeka, ananitazama. Nikasikia chai inagonga sinia. Nilikuwa nimemimina pembeni kabisa, kikombe kikavu.

"Unaona vikombe vingapi?" akaniuliza.

Nikasema kimoja, ni wazi ni kimoja, mkono ulichoka kwa mazoezi.

"Basi mimina."

Niliona viwili. Nilichagua cha kushoto, nikakipata. Hooyo alikichukua, akanywa, hakusema neno. Nafiso alikuwa anawaosha watoto, hakuona. Ninamjua Hooyo: akisema sana amekasirika, akinyamaza anapanga. Sitaki apange lolote. Mwezi mmoja tu, kisha nitakwenda hospitali kwa miguu yangu mwenyewe.

Alhamisi, 23 Oktoba
Kilo 75. Mvua hakuna.

Ijumaa, 24 Oktoba
Kilo 74. Mvua hakuna.

Alhamisi, 30 Oktoba
Kilo 74.

Dekow alitaka kuona uzito wangu wa mwezi mzima, nikakaa kuuhesabu. Ndipo nilipoona. Tarehe 15 nimeandika habari za jike la Abti Issack. Tarehe 17 nimeziandika tena, kana kwamba zimetokea siku hiyo. Tarehe 17 ilikuwa Ijumaa. Soko letu la ngamia ni Jumatano. Ijumaa sikwenda sokoni kabisa.

Nimesoma kurasa zile mara nne. Mwandiko ni wangu. Sikumbuki kuandika ya pili.

Naogopa. Nimeandika neno hilo hapa kwa sababu sina mtu mwingine wa kumwambia. Nikimwambia Dekow, pambano limekufa. Nikimwambia Nafiso, atamwambia Dekow. Nimenakili uzito kwenye karatasi nyingine nikampa karatasi hiyo, nikamwambia daftari limemwagikiwa chai. Mara ya pili sasa uongo wangu unatembea na chai.

Jumatatu, 3 Novemba
Kilo 74. Radi upande wa Wajir, maji hakuna.

Masheikh wamekubali kwa masharti: suruali zipite magoti, muziki usipigwe, na tumalize kabla ya Magharibi. Mabango yamebandikwa mpaka kituo cha basi. Jelle amesimama chini ya uso wangu akawaambia wapita njia huyu ni Aabo wangu, baba yangu. Mwenye duka la ngano alikataa pesa ya unga. Tangu nizaliwe hakuna aliyewahi kukataa pesa yangu.

Jumamosi, 8 Novemba
Kilo 73.

Mazoezini nilipigwa ngumi nyepesi ya sikio, ya kuamshia mtu, nikajikuta nimekaa. Dekow alisimamisha kila kitu. Akaniinamia, akauliza kichwa kikoje. Nikasema niliteleza kwenye jasho. Akatazama sakafu. Ilikuwa kavu.

"Siyad, mficha ugonjwa kilio humfichua."

Nikamwambia mimi nimepigana akiwa bado anatafuta wanafunzi, aniache. Ni mtu mpole, aliniacha. Njiani nilitapika nyuma ya ghala la sementi.

Jumapili, 9 Novemba
Leo nimechomwa.

Hooyo alingoja Nafiso aende sokoni na watoto waende chuo cha Kurani. Alikuwa na jiko tayari, na kile chuma ndani ya makaa. Akasema kichwa chako kinakuua na unadhani hakuna anayesikia ukilia usingizini. Nilitaka kubisha, lakini nilichoka kubisha. Na ukweli ni kwamba niliwaza: kwa nini isiwe dawa? Babu alichomwa kifua akaishi miaka tisini. Mimi mwenyewe nina alama tumboni tangu utotoni. Hospitali watauliza maswali. Moto hauulizi.

Watu huchomwa kwa kijiti, alama ndogo kama punje ya mtama. Nikamuuliza mbona chuma cha ngamia. Akasema kijiti ni cha maradhi ya watoto. Nikamwomba basi achome ndani ya nywele, watu wasione.

"Nitachoma panapouma," akasema.

Alinishika kichwa kwa magoti kama anavyowashika mbuzi. Mbili kando ya jicho la kulia. Moja katikati, nywele zinapoanzia. Nilisikia harufu yangu mwenyewe. Sikupiga kelele, lakini miguu ilijipigia yenyewe. Alipomaliza alipaka samli, na mikono yake, ambayo haikutetemeka ikichoma, sasa ilitetemeka. Nikadhani ni uzee.

Nafiso aliporudi alilia, kisha akamkasirikia Hooyo, kisha akanikasirikia mimi. Nimewaambia wote wa nje kwamba ni mafuta ya sambusa.

Jumatatu, 10 Novemba
Kilo 73. Kichwa kimetulia. Labda moto umefanya kazi.

Jumanne, 11 Novemba
Kilo 72. Kichwa kimerudi.

Ijumaa, 14 Novemba
Kilo 72. Mvua hakuna.

Najifunza kujibu daktari. Wapiganaji wote tunayajua maswali. Miezi kinyumenyume: Desemba, Novemba, Oktoba. Kaha ananisikiliza, anadhani ni mchezo. Kidole cha daktari kikienda kulia, nitageuza kichwa kidogo kabla picha haijawa mbili. Kuhusu alama sina wasiwasi. Mwaka jana daktari wa Nairobi aliiona ile ya tumboni akaniuliza kama ni sigara, akapiga muhuri.

Jumatano, 19 Novemba
Kilo 71. Natema mate tu, uzito ushuke. Siongei na mtu.

Ijumaa, 21 Novemba
Kilo 70 kamili, uzito wa pambano.

Tulipimwa uzito baada ya Alasiri, ukumbi umejaa. Nilipopanda mzani walipiga makofi, na mimi, mtu mzima, nilitaka kulia. Abdijabar alinisalimia kwa mikono miwili, akaniita kaka mkubwa. Kijana wa adabu. Mkono wake wa kulia ni kama jiwe la kusagia.

Kisha kwa daktari, chumba cha nyuma. Nilitarajia mgeni wa Nairobi. Nikamkuta mwanamke wa umri wangu, hijabu nyeusi, jina lake Deka, anafanya kazi hapa mjini. Ridwan alikuwa mlangoni na fomu, anataka muhuri tu aende. Miezi kinyumenyume, sawa. Kidole, sawa. Kusimama kwa mguu mmoja, sawa. Akachukua kalamu. Akainua macho kuniangalia usoni, na kalamu ikakaa hewani.

Alisimama, akaja karibu, akaweka kidole kando ya jicho langu. Hakubonyeza. Alipitisha tu, kama yule mnunuzi.

"Nani amekuchoma, walaal, ndugu yangu?"

Nikasema mafuta ya sambusa. Akasema yeye ni mtoto wa Habaswein, baba yake alikuwa na ngamia arobaini, mafuta ya sambusa hayapangi mstari. Akaniuliza tena, safari hii kwa Kisomali. Nikasema Hooyo.

"Mbili hizi ni za jicho. Unaona vitu viwili. Hii ya juu ni ya kichwa kisicholala. Na chuma cha ngamia, si kijiti. Hii ni siku kumi, kumi na mbili. Unatapika?"

Ningeweza kumdanganya daktari yeyote duniani. Lakini kumwambia mtoto wa wafugaji kwamba mama yangu alinichoma bila sababu, hilo ulimi ulikataa.

Ridwan aliingia kati. "Dokta, hizo ni story za reserve, za kijijini. Mse amepita test zote. Watu elfu mbili wamekata tiketi kumwona yeye."

"Mamake amemwona mgonjwa," Deka akasema. "Mimi ni nani nimwone mzima?"

Akaandika. Hapigani. Kichwa kipigwe picha haraka. Akanipa karatasi, nikaikunja, nikaitia mfukoni bila kuisoma.

Nje Dekow hakunilaumu. Alinishika bega tu, na hilo lilikuwa baya zaidi. Nilifika nyumbani, Hooyo yuko kwenye mkeka wake, Kaha pembeni na nguo mpya ya kesho. Nilimwambia Hooyo maneno ambayo sitayaandika yote. Nilimwambia moto wake umenilia chakula cha miaka kumi na mbili. Nilimwambia angebaki Habaswein akafe na mbuzi wake. Aliinamisha kichwa akatengeneza ukingo wa mkeka, uzi mmoja mmoja. Ningekuwa na nguvu ningekivunja kile chuma.

Jumamosi, 22 Novemba
Makelele yanafika mpaka hapa. Nimelala nimegeukia ukuta. Kijana aliyewekwa badala yangu, mgeni wa Mwingi, amebebwa kabla ya dakika moja. Ameamka, alhamdulillahi.

Jumatatu, 24 Novemba
Mvua hakuna. Sokoni wananiuliza Mlango umefungwa na nani. Sijamsalimu Hooyo.

Alhamisi, 27 Novemba
Sijamsalimu.

Jumapili, 30 Novemba
Sijamsalimu. Anaweka chai yangu karibu na mlango, anaondoka.

Jumatatu, 1 Desemba
Nilikuwa nimembeba mbuzi kumpandisha lorini, mkono wa kushoto ukamwachia. Haukuuma. Uliacha tu, kama si wangu. Abti Issack alinipeleka hospitali kwa bajaji, ananisemesha njia nzima nisilale. Nafiso akaleta ile karatasi ya Deka. Alikuwa ameitoa mfukoni mwangu siku ileile akaiweka ndani ya msahafu.

Jumanne, 2 Desemba
Picha imetoka. Damu ndani ya fuvu, upande wa kulia. Ya zamani, na juu yake mpya. Daktari aliyenionyesha alisema imekuwa ikivuja polepole tangu Julai. Nikamuuliza swali moja tu: ningepigana ile Jumamosi? Akasema ngumi moja ingetosha, hata ya mtoto. Nikaukumbuka mkono wa Abdijabar. Kesho kutwa nasafirishwa Nairobi, watatoboa fuvu waitoe.

Jumatano, 3 Desemba
Leo Hooyo ametandika mkeka wake wodini, nami nimekaa juu yake. Nimemsalimu. Aliitikia kana kwamba nilimsalimu jana.

Nilimuuliza kama kweli aliamini moto ungeniponya.

"Baba yako akiwa safarini, ngamia akiugua mimi ndiye niliyechoma," akasema. "Wengine walipona, wengine walikufa. Moto si Mungu. Lakini ami zako walikuwa wakija kuwachukua wakawauze, na mwenye alama mbichi hawakuweza kumgusa. Hapelekwi sokoni. Hakuna mnunuzi, hakuna dalali, ni aibu. Anabaki nyumbani mpaka ijulikane atapona au atakufa."

Nikazipapasa alama kando ya jicho.

"Nilimuuliza Issack nani atawatazama nyinyi kabla ya kupigana. Akasema binti wa Habaswein. Nikasema basi, huyo atazisoma alama."

Nikamuuliza mbona hakuniambia mimi mwenyewe. Akasema aliniambia. Aliniuliza vikombe vingapi.

"Na kama asingesoma?"

"Ningekuja kulala mbele ya lile tundu lenu, wanikanyage kwanza."

Nililia. Naandika wazi, nililia kichwa changu kiko magotini pake, palepale aliponishikia kunichoma. Mikono yake ilitetemeka tena. Si uzee.

Ijumaa, 5 Desemba
Nairobi, hospitalini. Uzito sijapima. Hapa inanyesha tangu asubuhi. Nafiso alipiga simu nyumbani, Garissa bado kukavu.

Wamenyoa nywele zote. Muuguzi kaniuliza alama hizi ni nini, nikamwambia ni za mamangu, akaandika kitu kwenye faili.

Watafungua kesho asubuhi. Daktari anasema wengi huamka wakiwa sawa, wengine huamka na vitu vimepotea. Mimi nimeshawahi kupoteza Ijumaa nzima. Kwa hiyo naandika hapa, na Nafiso ameahidi kunipa daftari hili nikifungua macho.

Siyad, soma polepole.

Mwanamke aliyekaa pembeni ni Nafiso, mkeo. Alilia kwa sababu yako, mpe pole. Msichana ni Kaha, wa kiume ni Jelle. Umepigana mara ishirini na tisa, umeshinda kumi na moja. Ya thelathini haikuwepo, usiitafute. Dekow ni kocha, ulimdanganya, muombe radhi.

Mwanamke mzee wa mkeka ni Hooyo Sado. Ukipapasa utakuta alama mbili kando ya jicho la kulia na moja juu ya paji. Utataka kujua nani amekufanyia hivyo. Ni yeye. Usimkasirikie. Ulishamkasirikia siku kumi na mbili, na zote hizo aliweka chai yako karibu na mlango.